Asante kaka wa karakana

Jamani kuna kaka mmoja pale karakana ya chuo, jina lake sijalijua mpaka leo, naomba nimshukuru tu hapa. Niko mwaka wa tatu digrii ya teknolojia ya uhandisi, upande wa umeme, na praktiko ya star-delta (kuwasha mota ya fezi tatu kwa kuunganisha koili zake kwa star kwanza, kisha kuhamia delta) ilinitoa jasho, mota inaunguruma haizunguki, ovalodi (kifaa cha kulinda mota mkondo ukizidi) inakata, wenzangu washaondoka. Kaka akaweka chai chini, "mdogo wangu fuata waya kwa kidole", kumbe waya wa V2, yaani mwisho wa koili moja ya mota, umelegea kwenye kontakta (swichi ya sumaku) ya star, fezi moja haipo! Akanieleza kwenye star kila koili inapata volti 230 badala ya 400 za delta, ndo maana mkondo wa kuwasha unashuka hadi theluthi moja. Chai ilipoa kabisa, unanidai, nitakununulia nyingine.