Barua kutoka Alcántara

Jumapili jioni

Ndugu yangu Salimu,

Assalaam aleikum. Hujambo, mama watoto je, na goti la Bi Mkubwa limetulia? Sisi salama. Nisamehe kwa kimya cha tangu Ramadhani. Picha za ukuta wako wa matumbawe unaotaka kuutengeneza nilizipata, nami leo nimezikumbuka nikiwa juu ya daraja.

Nipo Alcántara, kijiji cha Hispania karibu na mpaka wa Ureno. Litamke jina polepole: al-kantara. Ndiyo, kantara ile ile ya babu yako, yaani daraja! Waarabu walilikuta daraja limeshasimama, na mji ukapata jina. Wajenzi ni Warumi, zama za Kaisari Trajan, mwaka 104 hadi 106. Matao sita juu ya mto Tajo, mawe ya matale yaliyopangwa bila chokaa, uzito wa jiwe ndio unaolishika jiwe. Nimesimama chini yake shingo ikaniuma.

Pembeni pana kihekalu. Humo fundi mkuu, Gaius Julius Lacer, aliandikisha kwamba ameacha daraja la kudumu milele. Mto haujamshinda. Wanaolivunja ni watu: mwaka 1809, katika vita vya Napoleon, tao moja lilibomolewa, likaja kujengwa tena 1860.

Sasa ukuta wako. Matumbawe hayasimami bila chokaa, hilo najua, lakini saruji usikubali, Salimu, hata yule fundi akuapie. Itafungia unyevu ndani na plasta itabanduka yote. Tafuta chokaa, hata ukisubiri miezi.

Nilishuka ukingoni asubuhi. Tumbusi walikuwa wakizunguka juu ya majabali, na nikaona korongo weusi wawili. Huwa wanatengeneza viota humo humo kwenye magenge, na baridi ikija wengi wanakwenda Afrika. Juu kidogo ya daraja kuna bwawa kubwa la umeme, maji yanatoka yametulia mno. Nilitamani kuusikia mto kama alivyousikia Lacer.

Hiyo kantara imenikaa kichwani siku nzima. Kuna mtu huko bado anayelitumia neno hilo? Wanao wanalijua? Mzee aliwahi kukuambia alilitoa wapi? Na fundi ameshaanza, au bado nina muda? Nijibu hilo la fundi kwanza, leo hii ukiweza.

Nduguyo,
Athumani