Shukrani kwa Karani wa Masjala

Natoa shukrani hizi hadharani kwa karani ambaye jina lake silitaji, kwa kuwa mwenyewe aliniomba nisilitaje. Jalada la mafao ya marehemu baba yangu lilikuwa limekwama kwa miezi saba, na ofisa mmoja alikwisha kunidokeza kwamba lingesogea iwapo ningetoa chochote.

Karani huyo alifungua rejesta mbele yangu, akanionyesha tarehe jalada lilipopokelewa na meza lilikoishia, akabaini kwamba kilichokosekana ni nakala moja ya hati ya usimamizi wa mirathi, ambayo hakuna aliyewahi kuniambia niilete. Nilipoileta aliigonga muhuri, akanipa nakala yenye tarehe na saini yake, kisha akanielekeza namna ya kumlalamikia kwa maandishi yule aliyenidai fedha. Saini ile ndiyo iliyonigusa zaidi, maana anayeweka jina lake kwenye karatasi amekubali kuulizwa.

Mafao yalipolipwa nilimpelekea bahasha ya ahsante. Aliirudisha bila kuifungua, akaeleza kwa upole kwamba zawadi ya leo humfanya mwananchi wa kesho asubiri zaidi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa Dhidi ya Rushwa wa mwaka 2003 unazungumzia maadili ya watumishi wa umma katika ibara ya 8. Yeye aliyatimiza pasipo msimamizi wa kumtazama.

Nanyi mliohudumiwa hivyo, waandikieni wakuu wa ofisi barua za kuwasifu watumishi hao. Yangu nimekwisha kuipeleka.