Kitambaa alichokiacha Mama

Dada mpendwa,

Shikamoo. Kifurushi ulichonitumia kilinifikia salama, nami nimechelewa kukujibu kwa sababu majuma mawili yalipita bila ya mimi kuthubutu kukifungua. Uliponiandikia kwamba Mama aliacha kitambaa cha meza akiwa hajamaliza kukitarizi, nilidhani ungekikunja tu na kuichomoa sindano. Kumbe uliiacha pale pale alipoichomeka, uzi wa kijani ukining'inia kiasi cha shubiri moja. Nakushukuru mno, kwani sindano ile ndiyo iliyonionyesha mahali mkono wake ulipoishia.

Unajua jinsi nilivyokosa kumzika. Nyinyi mlilia pamoja, mkashikana mikono. Mimi nililia peke yangu usiku, asubuhi nikaenda kazini, na kwa miezi mingi kifo cha Mama kilibaki kwangu kuwa habari niliyoisikia kwenye simu.

Jumamosi moja nilikitandaza kitambaa mezani karibu na dirisha, nikakigeuza nyuma, maana yeye mwenyewe alitufundisha kwamba kazi ya sindano hukaguliwa nyuma. Hapakuwa na fundo hata moja linaloonekana: kila ncha ya uzi ilikuwa imepitishwa chini ya mishono ya jirani na kufichwa. Penye ua la tatu kuna vitundu vidogo vilivyofuatana, alama ya mahali alipokosea, akafumua na kuanza upya. Lakini nilipofika kwenye majani ya mwisho, mishono ilianza kuwa mirefu, mingine imeruka mstari wa penseli, na katika jani la mwisho kabisa inapishana kama nyayo za mtu aliyechoka. Hapo, dada, ndipo nilipouona ugonjwa wake, ule ambao kwenye simu alikuwa akiniambia kwamba ni uchovu tu. Nililia kilio ambacho nadhani nyinyi mlikwisha kukilia zamani.

Tangu siku hiyo nashona kila jioni. Sitakudanganya kwamba majonzi yameondoka. Ninachoweza kusema ni kwamba sindano hainiruhusu kwenda haraka: lazima nihesabu nyuzi za kitambaa, niuvute uzi kwa kiasi, maana nikiuvuta sana kitambaa hujikunja na nikiulegeza ua hupwaya, na katika muda huo namfikiria Mama bila ya kumkimbia.

Yupo hapa mama mmoja mtu mzima ninayeshona naye, ambaye alifiwa na mwanawe. Yeye ndiye aliyenisimulia juu ya wanawake wa Chile ambao, baada ya jeshi kutwaa madaraka mwaka 1973 na waume na watoto wao kukamatwa wasionekane tena, walikusanyika kushona picha za maisha yao kwa vipande vya nguo juu ya kitambaa cha gunia, na wengine wakatumia nguo za hao hao waliopotea. Alinieleza pia juu ya lile blanketi kubwa la Marekani la kuwakumbuka waliofariki kwa UKIMWI. Lilipotandazwa Washington mwezi wa Oktoba mwaka 1987, lilikuwa na vipande 1,920, kila kimoja kina upana wa futi 3 na urefu wa futi 6, kama kaburi la mtu mmoja. Nimekifikiria sana kipimo hicho. Mtu aliyeshona kipande kile alilazimika kuinama juu ya nafasi yote ambayo mpendwa wake angeilalia, mshono kwa mshono, na mimi niliyekosa kusimama kando ya kaburi naelewa kwa nini alikubali kazi hiyo.

Mwanzoni nilikusudia kuifumua mishono ya Mama iliyopinda na kuishona upya, ili kitambaa kipendeze. Nilikwisha kushika mkasi. Kisha nikapitisha kidole juu ya lile jani, nikausikia uzi wake ulivyopanda na kushuka, nikaona kwamba nikiunyoosha nitakuwa nimefuta siku ambazo alijikaza kushona ilhali mkono unatetemeka. Nimeliacha kama lilivyo. Katika kitambaa kizima, hakuna kinachonipendeza kuliko jani hilo.

Nimeendelea kuanzia pale aliposimama, kwa uzi ule ule mpaka ukaisha. Mshono wangu ni mnene kuliko wake, na yeyote atakayetazama ataona mikono imebadilika. Sasa limebaki jani moja kwenye pembe, nami sitalishona. Nakurudishia kitambaa pamoja na barua hii, sindano nimeichomeka juu ya mstari wa penseli. Uzi uliobaki huku haulingani na wake, kwa hiyo tafadhali tazama ndani ya kopo lake la vifungo. Nakumbuka alikuwa akihifadhi humo kijani cha akiba. Ukilimaliza, usikifue kwanza. Mpe Baba akishike.

Ni mimi mdogo wako akupendaye.