Kabla ya kufunga kumbi za michezo ya video, tusome kwanza nambari ya umri

Ndugu Mhariri,

Hivi karibuni gazeti lenu lilichapisha barua ya mzazi mmoja aliyeomba kumbi zote za michezo ya video katika jiji la Lubumbashi zifungwe, kwa hoja kwamba zinawafundisha watoto wizi na ukatili. Mimi ni mchezaji wa michezo hiyo tangu utotoni. Sasa ni mtu mzima mwenye kazi na familia, na bado ninacheza. Siandiki ili kumkejeli mzazi huyo, kwa sababu anachokilalamikia kipo, nami nimekiona. Ninachokipinga ni dawa aliyoipendekeza, maana inaufuta mchezo wa mpira na mchezo wa mauaji kwa pamoja, ilhali watengenezaji wenyewe waliitenganisha zamani na kuandika juu ya kila kasha umri wa mchezaji anayestahili kuucheza. Taabu yetu ni kwamba maandishi hayo hayafiki kwenye komini (mitaa mikubwa ya jiji letu) za Katuba, wala Ruashi, wala Kenya.

Nambari hizo zina historia yake. Mwaka 1992 ulitoka mchezo wa mapigano uitwao Mortal Kombat, ambamo mshindi aliweza kumng'oa moyo mpinzani aliyekwisha kushindwa. Desemba 1993 maseneta wa Marekani waliziita kampuni za michezo kujieleza, na wananchi wakasikia kwamba mchezo huohuo ulikuwa ukiuzwa kwa sura mbili: kwenye mashine ya Nintendo damu iligeuzwa kuwa jasho, na kwenye mashine ya Sega damu ilirudi mara tu mtoto alipobonyeza vitufe kwa mpangilio fulani ambao kila mtoto aliujua. Kwa kuogopa kutungiwa sheria, kampuni hizo zilianzisha zenyewe, mwaka 1994, chombo kiitwacho ESRB cha kuipanga michezo kwa umri. Ulaya ilifuata mwaka 2003 kwa mfumo wa PEGI, wenye makao yake Brussels na wenye nambari tano: 3, 7, 12, 16 na 18. Nambari ya PEGI ndiyo iliyokuwa juu ya makasha yaliyotufikia kutoka Ubelgiji na Ufaransa, enzi zile diski zilipokuwa bado zinasafiri na makasha yake.

Wazazi wengi ninaozungumza nao hudhani kwamba nambari inaeleza ugumu wa mchezo, kwa hiyo wakiona 3 husema ni mchezo wa watoto wachanga, na wakiona 16 husema kwamba mwana wao ni mwerevu, ataumudu. Sivyo. Nambari haisemi lolote juu ya ugumu. Inasema juu ya yaliyomo. Mchezo wa Tetris umeandikiwa 3, na mimi bado unanishinda. Kwa upande wa vurugu, 16 hutolewa pale kupigana na kuumizwa kunapoanza kufanana na kwa dunia ya kweli, na 18 hutolewa pale panapokuwa na ukatili uliopita kiasi, mauaji yasiyo na sababu, au mashambulizi dhidi ya watu wasioweza kujitetea. Naomba msomaji ayashike maneno haya ya mwisho, kwa kuwa nitayarudia.

Hapa kwetu diski huuzwa ndani ya mfuko wa plastiki, jina la mchezo likiwa limeandikwa kwa kalamu ya wino mzito, mara nyingi kwa makosa ya tahajia. Kasha halipo, nambari haipo, wala ile michoro midogo inayoonya kuhusu matusi, hofu au kamari haipo. Tena kilichomo ndani hakilingani kila mara na kile kilichokaguliwa, kwa maana diski nyingi za mchezo wa mpira wa Pro Evolution Soccer tunazochezea zimebadilishwa na mashabiki ili ziwe na wachezaji wa msimu mpya, na za Grand Theft Auto, mchezo wa wahalifu wa mjini, nazo huwa zimechokonolewa zaidi. Hata huko zilikotoka ilitokea mwaka 2005 kwamba ndani ya Grand Theft Auto: San Andreas iligunduliwa sehemu ya ngono iliyofichwa, ikabidi ESRB iupandishe mchezo huo kutoka daraja la miaka 17 hadi daraja la watu wazima peke yao, mpaka toleo jipya lisilo na sehemu hiyo lilipotolewa. Ikiwa wenye ofisi na wakaguzi walipitwa, mwenye ukumbi wa Katuba aliyenunua nakala ya nakala atajuaje?

Mchezo huo wa San Andreas, ambao ulitoka mwaka 2004 na ambao PEGI iliuandikia 18, ungali mfalme wa kumbi zetu pamoja na mpira. Hivi majuzi nilikaa nyuma ya mvulana ambaye hakuwa amefikisha miaka kumi, bado amevaa shati jeupe na suruali ya buluu ya shule, akiucheza kwenye PlayStation 2 ya zamani. Alifungua daftari lake la hesabu ukurasa wa mwisho, ambako alikuwa ameandika kwa mwandiko safi kabisa: R1, R2, L1, R2, kushoto, chini, kulia, juu, kushoto, chini, kulia, juu. Alivibonyeza vitufe vya manete, yaani kifaa cha kuchezea kinachoshikwa mikononi, kwa mpangilio huo, na mara silaha nyingi zikajaa mikononi mwa mtu wake. Hakwenda popote. Alisimama kwenye kona ya barabara ya Los Santos, mji wa ndani ya mchezo, akawa anawapiga wapita njia, mmoja baada ya mwingine, mpaka polisi walipokuja wakamuua, naye akaanza upya. Wenzake walicheka. Muda wake ulipokwisha, alimpa manete aliyefuata, na huyo akaendelea palepale.

Mimi nimeumaliza mchezo huo, na naweza kusema kwamba una hadithi: kijana anarudi nyumbani kumzika mama yake, askari polisi mwovu anamsingizia mauaji ili amtumie atakavyo, ndugu na marafiki wanasalitiana, na mchezaji anabebeshwa matokeo ya kila hatua. Hadithi ni ya watu wazima, na nambari 18 ni halali yake. Ila hadithi yote inasimuliwa kwa Kiingereza cha mitaani cha Marekani, kwa kasi ambayo hata mimi niliyejifunza Kiingereza kwa miaka mingi hunipita. Mtoto wetu anayesoma kwa Kifaransa na kuzungumza Kiswahili nyumbani hapati hata tone la hadithi hiyo. Hawezi kufuata kazi anazopewa, kwa sababu haelewi ametumwa nini. Kinachobaki mikononi mwake ni kile kisichohitaji lugha, yaani kumpiga mtu asiyeweza kujitetea, bila sababu. Wakaguzi wa Ulaya walimfikiria mchezaji anayeelewa maneno, hata hivyo wakaona mchezo haumfai mtu aliye chini ya miaka 18. Sisi tunawapa watoto wetu mchezo uleule ukiwa umepunguzwa maana na kuachwa ukatili mtupu.

Jambo la pili ambalo barua ya mzazi haikuligusa ni namna ya kucheza. Mwingereza Richard Bartle, mmoja wa waanzilishi wa michezo ya kuchezwa na watu wengi kwa pamoja kupitia kompyuta, aliandika mwaka 1996 kwamba wachezaji ni wa aina nne: wanaotafuta ushindi na alama, wanaopenda kuzuru na kugundua, wanaokuja kwa ajili ya kukaa na watu, na wanaofurahia kuwasumbua wengine. Mimi ni wa aina ya pili bila shaka. Katika San Andreas nimetumia saa nyingi kupanda mlima Chiliad kwa baiskeli kuliko nilizotumia kufyatua risasi, na kwenye mpira sina haraka, napenda kupasiana mpaka mpinzani akasirike, jambo ambalo limeninyima marafiki kadhaa. Mchezo ni mmoja, lakini mtu anachokitoa ndani yake si kimoja.

Sasa tazameni ukumbi wetu unavyolipisha. Mpira hulipiwa kwa mechi, na anayefungwa huachia manete. Michezo mingine hulipiwa kwa dakika. Kwa dakika chache nani atapanda mlima? Nani atasoma ramani, atajenga mji, atafuata hadithi ya saa thelathini ambayo akirudi kesho ataikuta imefutwa kwenye kadi ya kumbukumbu na mteja mwingine? Malipo ya dakika yanamsukuma kila mtoto, wa aina yoyote kati ya zile nne, kwenye jambo linaloleta msisimko mara moja, na jambo la haraka kuliko yote ni bunduki. Kwa hiyo ninaposikia kwamba watoto wa siku hizi wanapenda damu, huwa najiuliza kama ni watoto wanaopenda damu au ni saa ya mwenye ukumbi. Nimewajua wavulana wa aina ya tatu, wale wa kukaa na watu, ambao huja kila jioni bila faranga hata moja mfukoni, wakakaa kwenye benchi kushauri na kubishana kuhusu Mazembe na Lupopo, timu zetu za mpira, na wakarudi nyumbani wameridhika bila kugusa manete.

Nambari yenyewe pia ina kasoro zake, na hapa nadhani mzazi aliyeandika atakubaliana nami. Kwa miaka mingi mchezo wa FIFA, ambao tangu mwaka 2023 unaitwa EA Sports FC, ulipewa 3, kwa sababu hauna damu wala matusi. Lakini ndani yake kuna pakiti za wachezaji zinazonunuliwa kwa fedha za kweli, na anayenunua hajui atapata nyota au mchezaji wa akiba mpaka afungue. Tume ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji ilitamka mwaka 2018 kwamba mauzo ya namna hiyo ni kamari, na EA, kampuni inayoutengeneza mchezo huo, ikaacha kuwauzia Wabelgiji sarafu za kununulia pakiti hizo mapema mwaka 2019. PEGI nayo iliongeza mchoro wa kuonya kuhusu manunuzi ya ndani ya mchezo mwaka 2018, na mwaka 2020 ikaongeza onyo kuhusu vitu vya kubahatisha. Kwenye PlayStation 2 za kumbi zetu pakiti hizo hazipo. Kwenye simu zipo za namna hiyohiyo. Mtoto wa dada yangu, kijana mpole ambaye hajawahi kupigana na mtu, ndiye anayetuma pesa za simu kwa niaba ya mama yake kwa kuwa mama haoni vizuri maandishi madogo, kwa hiyo anaijua namba ya siri. Alimtumia muuzaji mmoja wa kwenye WhatsApp, anayewajazia wachezaji sarafu, pesa iliyokuwa imewekwa kwa ajili ya karo ya muhula, kidogo kidogo, akimtafuta mshambuliaji mmoja ambaye hakumpata. Mchezo wenyewe ulikuwa wa mpira, ule ambao sisi sote tulimhimiza aucheze badala ya ule wa bunduki.

Kuhusu madai kwamba michezo inazalisha majambazi, nitapita haraka. Mahakama Kuu ya Marekani ilipofuta mwaka 2011 sheria ya California iliyokataza kuwauzia watoto michezo ya kikatili, kwa majaji saba dhidi ya wawili, ilisema tafiti zilizoletwa mbele yake hazikuthibitisha kwamba michezo ndiyo inayosababisha watoto watende ukatili. Shirika la Afya Duniani kwa upande wake limekubali kwamba uraibu wa michezo ni ugonjwa, lakini kwa kawaida linataka dalili zidumu kwa muda wa miezi 12, mtu akiwa ameshindwa kujizuia na ameacha mambo mengine ya maisha yake. Kijana anayechelewa kwa chakula cha jioni hajafika huko.

Sheria ya nchi yetu ya Januari 2009 kuhusu ulinzi wa mtoto inamhesabu kuwa mtoto kila ambaye hajatimiza miaka 18, kwa hiyo nambari ya juu kabisa ya PEGI inaangukia palepale penye mpaka wetu. Maofisa wa komini hupita kwenye kumbi kukusanya kodi; haitawagharimu chochote kudai kwamba juu ya kila televisheni pabandikwe karatasi yenye jina la mchezo unaochezwa na nambari yake, na kwamba michezo ya 18 isiwashwe kabla ya jioni wala mbele ya sare ya shule. Wenye kumbi watalalamika kwamba San Andreas ndiyo inayolipa. Nawashauri wajaribu kuuza saa nzima kwa bei nafuu katika michezo ya magari na ya kujenga, na kila mteja awekewe kadi yake ya kumbukumbu kwenye droo, yenye jina lake. Nimeuona ukumbi mmoja upande wa Kampemba unaofanya hivyo, na benchi lake halina nafasi. Wazazi nao wabadilishe namba za siri za simu zao leo, hasa wale ambao watoto wao wanacheza mpira tu.

Kwenu wahariri nina ombi moja: kwenye ukurasa mnakochapisha matokeo ya ligi, mtenge kijisanduku kidogo chenye majina ya michezo inayochezwa sana mjini, nambari ya umri ya kila mmoja, na kama ndani yake kuna kitu cha kununuliwa kwa fedha. Orodha hiyo haizidi michezo kumi na tano, na niko tayari kuwaandalia.

Wenu mwaminifu,
Mchezaji na msomaji wa Katuba, Lubumbashi