Risala ya Klabu ya Sanaa kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonyesho ya Kazi za Mikono

Ndugu Mgeni Rasmi,
Mwalimu Mkuu na walimu wetu,
Mwenyekiti na wajumbe wa Kamati ya Shule,
Wazazi na walezi,
Wanafunzi wenzetu,

Shikamooni.

Awali ya yote tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu na kuvumilia vumbi la barabara mpaka hapa. Sisi ni wanafunzi wa Klabu ya Sanaa ya shule hii ya msingi wilayani Kondoa. Kazi zote utakazoziona leo zimeanzia kwenye kifaa ambacho kila mtoto huja nacho shuleni hata akisahau daftari nyumbani, yaani mikono yake.

Ndugu Mgeni Rasmi,

Wazo tulilipata jirani. Ukishika barabara ya Babati unafika Kolo, kwenye michoro ya miambani ambayo UNESCO iliiingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Michoro ya kale zaidi ni myekundu, ya watu wembamba na wanyama. Ile myeupe ni ya baadaye, na mingi ilipakwa kwa kidole tu, bila brashi. Mwalimu wetu alipotueleza hayo, mwenzetu mmoja wa darasa la tatu aliuliza kama waliochora walichapwa kwa kuchafua ukuta. Swali hilo halijajibiwa mpaka leo, lakini lilitufanya tutake kuujaribu ukuta sisi wenyewe.

Mwalimu akatuonyesha pia picha za pango la Cueva de las Manos, kule Argentina, nalo ni Urithi wa Dunia tangu mwaka 1999. Watu wa kale wa huko waliweka viganja kwenye mwamba wakapuliza rangi kuvizunguka. Mkono ulipoondolewa, kivuli chake kikabaki. Ajabu ni kwamba mikono mingi pale ni ya kushoto.

Sababu tuliijua tulipojaribu. Tulichekecha udongo mwekundu, tukauchanganya na uji mwepesi wa unga wa ngano ili ukikauka usipukutike. Bomba letu ni kikonyo cha jani la mpapai, kwa kuwa kina tundu katikati. Unakichovya ncha, unakielekeza kwenye kiganja kilichobandikwa ukutani, halafu unapuliza kwa nguvu. Ukikosea ukavuta, unakunywa uji wa udongo, na wapo waliokunywa. Sasa, mtu anayetumia mkono wa kulia atashika bomba kwa kulia, kwa hiyo unaobaki ukutani ni wa kushoto. Wenzetu wa mashoto ndio walioacha alama za kulia. Utaziona nyuma ya darasa la nne, mahali ambapo Mwalimu Mkuu alituruhusu, na unaweza kuwatambua bila kuambiwa.

Bibi mmoja aliyekuja kumchukua mjukuu wake aliutazama ukuta ule kwa muda, akauliza ni nani aliyetufundisha kuwasalimia watu wazima kwa mikono ya kushoto. Tulicheka sote. Ila kwa kuwa wazazi mko hapa, tunaomba tuseme: adabu ya kupokea na kula kwa mkono wa kulia tunaijua na tunaishika, lakini mtoto wa mashoto asichapwe vidole kwa sababu ya kushika kalamu au brashi kwa kushoto. Akilazimishwa kubadili mkono, hati yake huharibika, na michoro yake pia.

Ndugu Mgeni Rasmi,

Wadogo zetu wa darasa la kwanza wana kazi yao. Wanachovya kiganja kwenye rangi na kukigandamiza kwenye karatasi, vidole vikielekea chini: vidole vinne vinakuwa miguu, gumba linakuwa mkonga, na tembo amepatikana. Viganja viwili vikikutana vinakuwa kaa, ingawa wengi wetu kaa tunamjua kwenye vitabu tu. Rangi ya njano ni manjano ya jikoni, nyekundu ni rozela iliyochemshwa, nyeusi ni mkaa uliosagwa.

Darasa la nne na la tano walitengeneza rula za mkono kwa maboksi chakavu. Kila mmoja alichora mkono wake ukiwa umetanuliwa, akaukata, akapima dawati kwa shibiri: toka ncha ya gumba mpaka ncha ya kidole cha mwisho. Shibiri mbili hukaribia dhiraa moja, ambayo ni toka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Ubishi ulizuka pale mlinzi wetu alipopima dawati lile lile akapata hesabu ndogo kuliko ya mtoto yeyote. Hapo ndipo tulipoelewa kwa nini fundi seremala na mteja wake wanahitaji futi kamba moja, na siku hiyo hakuna aliyesinzia kwenye hisabati.

Meza ya mwisho ni ya hina. Mama na shangazi zetu walikuja kutufundisha kutwanga majani makavu ya mhina, kuyachekecha na kuyakanda kwa ndimu. Maua tuliyachora kwanza kwenye karatasi, mkono wa kulia ukifuatisha wa kushoto kama kwenye kioo. Piko, ile rangi nyeusi ya kujipamba, hatukuigusa, kwa sababu ile inayochanganywa na dawa ya kupaka nywele inaweza kuunguza ngozi.

Wapo wazazi waliouliza kama watoto wametumwa shule kuchezea udongo. Hatuwalaumu. Somo la Sanaa na Michezo lipo kwenye mtaala, lakini kipindi chake ndicho cha kwanza kumezwa mtihani unapokaribia, kwa hiyo wengi hawajawahi kuona kazi yake. Leo tumewaita waione.

Ndugu Mgeni Rasmi,

Shida yetu kubwa kuliko zote ni maji. Viganja mia vyenye rangi havinawiki kwa ndoo moja, na wakati wa kiangazi maji ya kunywa yenyewe ni ya kuhesabu. Tunaomba utusaidie kupata mifereji ya bati na tangi la kuvuna maji ya mvua. Tunaomba pia mikasi yenye ncha butu kwa wadogo, maana sasa wanatumia wembe, na hilo linatutia hofu. Mwisho, tunaomba usafiri wa kwenda Kolo. Karibu wote tumeiona ile michoro kwenye picha tu, wakati wageni kutoka Ulaya hupita mbele ya shule yetu wakienda kuitazama.

Tunaomba sasa uanze kutembelea meza zetu, na kama itakupendeza uanzie kwa darasa la kwanza, kwa sababu wao wanaruhusiwa kwenda nyumbani mapema na wamekwisha kuanza kuulizia uji.

Naomba kuwasilisha.