Aliyegongwa kichwa asirudishwe uwanjani

Mhariri,

Juzi kwenye mechi ya vyuo hapa Unguja, mchezaji aligongana vichwa na mwenzake wakigombea mpira wa juu. Akamwagiwa maji, akakandwa barafu, akarudi ndani. Punde akawa anauliza, "Ngapi ngapi?" Na bao la kwanza kafunga yeye!

Katika raga ya vyuo, anayeshukiwa kutikisika ubongo hutolewa na siku hiyo harudi tena, hata aape yuko fiti. Si lazima azimie. Kuchanganyikiwa, kizunguzungu au kutapika kunatosha. Pigo la pili kabla ubongo haujapona laweza kuua. Vyuo viwafundishe wachezaji wenyewe kabla ligi haijaanza, maana makocha wetu (wanisamehe) wengi wao huangalia magoli tu.

Mpenda Michezo,
Kikwajuni, Unguja