Magofu ya hospitali ya Beelitz yatembelewe kwa utaratibu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwasihi vijana wetu wanaoishi Ujerumani waache kuruka ua usiku ili kupiga picha ndani ya majengo yaliyohamwa ya Beelitz-Heilstätten, karibu na Berlin.

Hospitali hiyo, iliyoanza kujengwa mwaka 1898 kwa ajili ya wafanyakazi wenye kifua kikuu, iligeuzwa ya kijeshi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na miongoni mwa majeruhi waliotibiwa humo mwaka 1916 alikuwamo Adolf Hitler. Tangu 1945 jeshi la Kisovieti liliifanya hospitali yake, na Warusi hawakuondoka hadi katikati ya miaka ya 1990, Ujerumani mbili zikiwa zimekwisha kuungana. Historia nzito namna hiyo inastahili kuonwa kwa macho, nami nawahimiza waione.

Hata hivyo, sakafu zilizooza hazimwonyi mtu kabla ya kuporomoka. Tangu 2015 ipo njia ya juu, inayopita kati ya vilele vya miti na kumwonyesha mgeni gofu la wodi ya wanawake ambalo msitu umeota juu ya paa lake. Waongozaji wapo pia. Naomba gazeti lako liwaelekeze huko.

Msomaji wako,
Berlin, Ujerumani